Pindo la Namba Saba

Tin. Kitu kidogo kilidondoka sakafuni gizani, kikaviringika, kikagonga mguu wa kabati, kikanyamaza.

"Mama, kimeingia chini ya kabati," ilisema sauti kutoka kitandani.

"Lala, mwanangu. Hakujakucha."

"Na wewe mbona hujalala?"

Mama yake alicheka kimya kimya. Mtoto alikuwa na miaka mitano, lakini maswali yake yalikuwa ya mtu aliyekwisha lea wajukuu, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Kijibibi. Umeme ulikuwa umekatika tangu usiku, na kilichodondoka kilikuwa bobini, kile kigurudumu kinachobeba uzi wa chini wa cherehani. Mama alipiga magoti, akapapasa vumbi mpaka vidole vikaigusa. Alikuwa na sketi ya mteja ya kumalizia, na saa mbili alitakiwa awe ukumbi wa jiji kabla foleni haijazunguka jengo.

Mtaani mama huyo aliitwa Fundi. Baba wa Kijibibi alikwenda mji mwingine kutafuta kazi. Akapata kazi, akapata na mke. Tangu hapo Fundi alihamia kwa Shangazi yake, akaweka cherehani barazani, na jioni tatu kila wiki akawa anafunga kazi mapema aende masomo ya watu wazima. Huko ndiko mwalimu alikobandika tangazo ukutani. Hospitali kubwa ya mji, iliyokuwa ikinunua shuka kwa kampuni moja ya mbali miaka nenda miaka rudi, safari hii ingenunua kwa vikundi vya mafundi wa mitaani, shuka na hata viti, viatu na vikapu, na fomu zingetolewa ukumbi wa jiji.

Shangazi alisonya aliposikia. "Haya mambo ya kutuinua sisi huishia kwenye kofia na picha."

"Safari hii si kofia, Shangazi. Soma hapa."

"Nisome mimi?"

"Basi nikusomee."

Akawasomea wote, wanawake sita, yeye na Shangazi wakiwemo, waliokuwa wakishona barazani kwao, kila mmoja akisubiri jirani achanikiwe zipu ndipo apate kazi. Alisoma kurasa nne bila kuruka mstari. Alipomaliza, hata mwenzao asiyesikia, aliyekuwa akiufuata mdomo wake kwa macho na ambaye huijua cherehani inayoumwa kwa kuigusa tu, alikuwa amekwisha inua mkono wake: twende.

Saa mbili na robo ukumbi ulikuwa umejaa mpaka mlangoni. Maseremala wenye vumbi la mbao kwenye kope, mafundi viatu, wasuka vikapu, akina mama wenye watoto mgongoni. Fundi alisimama katikati yao na gauni lake la bluu, kola nyeupe, kiuno kimekaa mahali pake kama kiuno cha nguo kinavyotakiwa kukaa.

"Samahani, dada," mtu alisema nyuma yake. "Umekuja kuchukua fomu, au umekuja kutupima?"

Aligusa shingo. Futi ya kupimia ilikuwa bado inaning'inia. Akageuka na jibu lake tayari, akakutana na kijana mrefu mwenye koti jeupe, faili kwapani, na tabasamu la mtu anayejua amechokoza.

"Nitaanza na wewe," Fundi alisema. "Koti hilo la nani?"

"Langu."

"Si lako hilo. Mabega yameteremka yanatafuta viwiko."

Foleni ilicheka. Kijana alicheka kuliko wote.

"Na mfuko umefumuka. Kalamu zako umezimwaga njia nzima."

"Ndiyo maana kila siku naazima kalamu."

"Ila limefuliwa," Fundi alikiri, maana haki ni haki. "Jeupe kama maziwa. Dobi wako anaijua kazi."

"Ahsante. Dobi ni mimi."

Kumbe alikuwa msimamizi wa chumba cha kufulia cha hospitali ile ile. Faili ilikuwa na orodha ya shuka zinazohitajika, na sampuli za vikundi vyote zingepelekwa kwake azichemshe mara ishirini, zionekane zipi zinavumilia. Mtu mwingine angeanza hapo hapo kujipendekeza. Fundi aliuliza swali moja tu.

"Shuka zenu zinachanikia wapi?"

Kijana alimtazama kama mtu aliyesikia akiitwa katikati ya soko. Miaka sita alikuwa amepeleka shuka zilizochanika ofisini, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Kwenye kona," alisema taratibu. "Kitambaa kizima, kona zimefumuka. Nazitupa moyo unauma."

"Kona zinashonwa mara moja, mbio mbio. Anayeshona anakimbiza hesabu. Hajui nani atalalia."

"Wewe ungefanyaje?"

"Ningekunja mara tatu. Halafu ningerudi nyuma kidogo." Akaonyesha kwa kidole hewani.

Kijana alitoa simu. "Naomba namba yako ya simu."

"Ya nini?"

"Kama... nikipata swali lingine la kona."

"Mpe, binti yangu, foleni isonge!" mama mmoja alipaza sauti nyuma, na ukumbi ukaangua kicheko.

Maswali ya kona hayakwisha. Simu ililia jioni ile ile, Fundi akiwa anakoroga sufuria.

"Fundi, umekula?"

"Ndiyo napika. Na wewe Dobi, umeoga au umefuliwa?"

"Nimefuliwa, nimekamuliwa, nimeanikwa. Nasubiri mtu wa kunipiga pasi."

"Pasi yangu ya mkaa. Utaungua."

"Nimeshaungua tangu asubuhi, laazizi, hukusikia harufu?"

"Nani huyo?" Kijibibi aliuliza akivuta gauni la mama yake.

"Mteja."

"Mteja anakuchekesha hivyo?"

Jumapili alikuja mwenyewe, amevaa shati la kijani lililonyooshwa mpaka mistari ya mikono ingeweza kukata mkate, na koti lake amelikunja mkononi. Akamwamkia Shangazi kwa heshima. Shangazi akamjibu kwa sauti ya mtu anayehesabu meno ya punda kabla hajamnunua.

"Mama yangu anasema," Dobi alieleza, "mtu akikuambia mfuko wako umechanika, mpelekee huyo huyo."

Fundi aliushona ule mfuko kwa mkono, barazani, Dobi akiwa ameketi kwenye ngazi na Kijibibi akimweleza jinsi ya kulea wanasesere. Fundi alikuwa na namna yake ya kumaliza mshono. Hakufunga fundo. Alirudi na sindano hatua tatu, akaupitisha uzi ndani ya mkunjo, akautokeza upande wa pili, akaukata ukiwa umejificha. Hakuna aliyemfundisha. Aliibuni mwenyewe akiwa na mimba, alipokuwa akishona nguo za mtoto ambaye hajazaliwa, kwa kuwaza kwamba fundo dogo tu litamkwaruza. Tangu hapo mkono wake haukujua njia nyingine.

Dobi alipitisha kidole gumba juu ya mshono ule, mara moja, mara mbili. "Umeishia wapi?"

"Tafuta."

Alitafuta mpaka chai ikapoa. Alipoupata mwisho wa uzi alitabasamu peke yake, kama mtu aliyeonyeshwa chumba cha ndani.

Wiki hiyo wanawake sita walishona sampuli yao, shuka moja tu. Shangazi alikata kitambaa. Mwenzao asiyesikia alishona mapindo marefu, mkono mmoja juu ya cherehani akisikiliza kwa kiganja. Mwingine alinyoosha, mwingine alikagua, mwingine alikata nyuzi zilizobaki. Kona zote nne alishona Fundi. Walipopeleka, ofisa wa mlangoni aliwapa kipande cha karatasi chenye namba, akaondoa kila kitu kingine, hata mfuko waliobebea. Wakaguzi hawakutakiwa kujua shuka ni ya nani. Vikundi vilikuwa tisa.

Jioni simu ililia.

"Mpenzi, leo tumepeleka," Fundi alisema kwa furaha. "Tumepewa namba—"

"Usiniambie!" Dobi alipiga kelele mpaka Fundi akaiondoa simu sikioni. "Naziba masikio. Lalalala! Fundi, ukiniambia umenitoa kazini. Mkuu wa Wauguzi nilimweleza kwamba namfahamu mwombaji mmoja. Akanijibu, ndiyo maana kuna namba. Basi iache namba ikae baina yetu kama ukuta."

"Ukuta?"

"Mfupi. Nitauruka ikisha kazi."

Fundi alicheka, akakata simu, akarudi kwenye sufuria yake. Alimheshimu mno kwa jambo lile. Yeye pia hakutaka shuka yao ipendwe kwa sababu ya macho yake. Alitaka ipendwe kwa sababu ya kona. Maana ikichaguliwa kwa huruma, mwaka kesho huruma itakwisha, na wanawake sita watarudi kwenye mabaraza yao kusubiri zipu.

Ukaguzi ulifanyika Jumatano, kwenye chumba cha kufulia. Kilikuwa chumba kirefu cha vigae vyeupe, mvuke ukiparamia madirisha, mashine nne zikiunguruma kama matumbo ya ng'ombe. Kila kikundi kilituma mtu mmoja wa kutazama kupitia kioo cha mlangoni. Kikundi cha Fundi kilimtuma Shangazi, kwa sababu hakuna aliyekuwa na macho makali kama yake.

Dobi alifungua furushi la kwanza, akalikagua, akaliandikia, akaliweka kwenye kapu la mashine. La pili. La tatu. Alifanya kazi kama kawaida yake, taratibu, bila mbwembwe. Akafungua la saba. Akaishika kona, akapitisha kidole gumba kwenye pindo.

Kidole kikasimama.

Alilitafuta fundo, hakulipata. Alirudi hatua moja, mbili, tatu. Akaingia ndani ya mkunjo. Pale pale, upande wa pili, umejificha, mwisho wa uzi.

Moyo ulimpasuka kwa furaha na kwa hofu kwa pamoja. Ndani ya mfuko wa koti lake, mshono ule ule ulikuwa umelala juu ya mbavu zake. Hakuna aliyemwambia namba. Shuka yenyewe ilikuwa imemwambia. Na ilikuwa nzuri, Mungu wangu, ilikuwa nzuri kuliko zote sita zilizotangulia; lakini je, ilikuwa nzuri au alikuwa anapenda? Hakuweza tena kujua.

Akaiweka shuka mezani. Akavua glavu. Akatoka kwa mlango wa nyuma, moja kwa moja mpaka ofisini kwa Mkuu wa Wauguzi.

Huyo alikuwa mama mnene, miwani ya kamba shingoni, mtu aliyezungumza na madaktari na wafagiaji kwa sauti ile ile. Alimsikiliza Dobi mpaka mwisho, akamsukumia karatasi.

"Andika. Yote, kama ulivyoniambia. Nitaisoma siku ya matokeo, mbele ya watu."

"Mbele ya watu, Mama?"

"Ulitaka niifiche? Kikifichwa ndicho kinachonuka. Kazi yako ataifanya yule mama mzee wa mashine ya tatu. Na mpaka siku hiyo, wiki mbili, husemi na mtu wa kikundi chochote. Wakijua sasa kwamba mkaguzi ana mtu wake humu, vikundi vyote tisa vitaharibikiwa, na mwakani hospitali itarudia kununua mbali."

"Hata salamu?"

"Hata salamu."

"Naomba simu moja tu. Nimuage."

Mama alimtazama juu ya miwani. "Ipige hapa hapa, nikisikia."

Wakati huo Shangazi alikuwa amekwisha fika nyumbani, jasho linamtoka, viatu mkononi.

"Ameishika kona yetu," alitangaza barazani, "akaiweka chini kama chungu cha moto. Akavua glavu, akaenda zake. Hata kunitazama!"

"Namba ngapi hiyo?" Fundi aliuliza, ingawa alijua.

"Saba! Mimi kipofu?"

Simu ikalia. Fundi aliipokea kabla haijalia mara ya pili.

"Dobi? Kuna nini?"

"Hujambo." Sauti ilikuwa imenyooshwa, imepigwa wanga. "Nakupigia kukuarifu kwamba kwa wiki mbili sitaweza kuwasiliana na wewe."

"Kunani? Mbona unaongea kama tangazo la msiba?"

"Siwezi kueleza. Naomba uvumilie."

"Ni kwa sababu ya kazi yetu? Ni mbaya?"

"Siwezi kueleza."

Fundi alibana simu sikioni. Alisikia pumzi ya pili upande ule, na kiti kikilia. "Hapo ulipo kuna mtu?"

"Ndiyo."

"Mwanamke?"

Dobi alimtazama Mkuu wa Wauguzi, ambaye alikuwa anafuta miwani yake. Hakuwa mtu wa uongo, na hiyo ndiyo ilikuwa shida yake.

"Ndiyo," alisema, "lakini si—"

Simu ilikwisha katwa.

"Umeharibu," Mama alisema kwa upole.

"Nimeharibu," Dobi alikubali.

Siku kumi na nne si nyingi kwa mtu mwenye furaha. Fundi alizishona moja moja. Alishona mashati, akashona magauni, akapachika vifungo, na kila alipomaliza mshono alirudi hatua tatu, akauficha uzi, akajiuliza ni nini kilikuwa na kasoro ndani yake mpaka mtu aiguse kazi yake na kuondoka.

"Mpigie," wenzake walimsihi. "Mwambie atutazame kwa jicho zuri. Jinsi alivyokupenda yule, ukilia kidogo tu atalainika."

"Sitalia."

"Basi tukose kazi kwa ajili ya kiburi chako?"

"Si kiburi." Aliweka mkasi chini. "Sikilizeni, dada zangu. Shuka ile nimeishona kwa mikono hii. Kama ni mbaya, watuambie ni mbaya, tushone nyingine mwakani. Lakini sitaki kuingia mlango ule nikiwa nimebebwa. Mtu akikubeba, ndiye anayeamua akushushe wapi."

Shangazi alikohoa.

"Maneno ya masomo ya jioni hayo," alisema, na ingawa alisema kwa kusonya, usiku ule chakula cha Fundi kilikuwa na kipande cha nyama kikubwa kuliko cha mtu yeyote.

Siku ya matokeo ukumbi ulijaa tena. Fundi alivaa gauni la zambarau, mikono mirefu, vifungo mpaka shingoni, kama askari anayekwenda vitani akiwa amepiga pasi. Alimwona Dobi mara moja. Alikuwa amesimama nyuma kabisa, karibu na mlango, amekonda, koti lake jeupe limemkaa vibaya kuliko kawaida. Fundi akatazama mbele. Kijibibi akampungia mkono kwa niaba ya wote wawili.

Mkuu wa Wauguzi alipanda jukwaani, akavaa miwani.

"Kabla ya matokeo," alisema, "kuna barua. Mkaguzi wetu mmoja alijitoa. Mlimwona akitoka, na najua mmesema mengi. Nawasomea sababu." Akakunjua karatasi. "'Mimi, msimamizi wa chumba cha kufulia, naomba kutoka kwenye ukaguzi. Sikuambiwa namba ya mtu yeyote. Lakini nilipoishika kona ya shuka namba saba niliutambua mkono. Aliyeishona ndiye aliyenishonea mfuko wa koti nililovaa. Nampenda.'"

Ukumbi ulitoa sauti moja ndefu, kama birika linalochemka. Mama aliinua mkono.

"Sijamaliza. 'Nampenda, kwa hiyo macho yangu hayafai kupima kazi yake. Naomba ichemshwe na mwingine. Isionewe, wala isipendelewe.'" Akakunja karatasi. "Basi tuliichemsha. Zote tulizichemsha mara ishirini. Namba saba, ili asije mtu kufungua mdomo wake nje ya mlango huu, tuliichemsha mara thelathini."

Fundi alishika mkono wa Shangazi. Hakujua kama anashika au anashikwa.

"Shuka nne zilifumuka kona. Nyingine zilipinda mapindo. Mbili zilibaki nzima." Mama aliinua shuka nyeupe, akaivuta kona yake kwa nguvu zake zote, na alikuwa nazo. Haikutetereka. "Hii ni namba saba. Ile nyingine ni namba mbili, ya akina mama wa mtaa wa chini. Kazi ni kubwa kwa kikundi kimoja, itagawanywa kwa hivi viwili. Tunaloomba ni moja: namba saba, mtakuwa tayari kuwafundisha wenzenu kona hii?"

Wanawake watano walimtazama Fundi. Kona ile ilikuwa mtaji wake wote.

Alisimama. Sauti ilitoka nyembamba, halafu ikanyooka. "Mgonjwa hachagui alalie shuka ya nani. Tutawafundisha. Na hata wale ambao shuka zao zimefumuka, waje tu. Mlango uko wazi."

Vigelegele vilipanda mpaka darini. Mwenzao asiyesikia aliwaona watu wanavyofungua midomo, akaweka kiganja chake juu ya benchi linalotetemeka, akaanza kulia.

Dobi alisubiri mpaka watu walipopungua. Alikuja taratibu, kama mtu anayekaribia ndege.

"Fundi."

"Wiki mbili," Fundi alisema. "Wiki mbili umeninyima neno moja."

"Neno lenyewe lingewanyima kazi."

"Nililia, ujue. Niliwaambia wenzangu sitalia, halafu nikalia kwenye zipu ya mteja."

"Mimi nilichemsha koti langu na shati jekundu. Lilitoka la waridi. Hili nimeazima."

Fundi aliuma midomo asicheke. Haikusaidia sana. "Na yule mwanamke aliyekuwa anapumua kwenye simu?"

"Ndiyo mimi, mwanangu," ilisema sauti nene nyuma yao. Mkuu wa Wauguzi alikuwa anapita na shuka kwapani. "Nina wajukuu wanne na goti bovu. Usinihofu."

Ndipo Fundi alipocheka, kicheko kilichokuwa kimefungiwa siku kumi na nne. Dobi aliushika mkono wake, akaugeuza, akatazama vidole vilivyojaa alama za sindano.

"Hata gizani ningeujua," alisema.

"Sasa siri yangu mji mzima unaijua."

"Wanajua nusu. Mwisho wa uzi najua mimi."

Miezi mitatu baadaye kulikuwa na chumba nyuma ya hospitali, kilichokuwa ghala la sabuni, ambacho jiji liliwapa wakitumie. Cherehani kumi na moja zilipangwa pande mbili, za namba saba na za namba mbili zimechanganyika, na wasichana wawili wa kikundi kimoja ambacho shuka yake ilifumuka walikuwa wanajifunza kwenye vitambaa vya kufanyia mazoezi. Shangazi alikuwa amejipa cheo cha kukagua kila mtu, na alikitumikia bila mshahara wa ziada wala huruma. Shuka zilizosubiri pasi zilitundikwa kwenye kamba katikati ya chumba, nyeupe, zikikaribia kugusa sakafu.

Mchana ule wenzao walikuwa wametoka kula. Fundi alibaki upande mmoja wa zile shuka, amepiga magoti, anapima sare ya kwanza ya shule ya Kijibibi. Mtoto alisimama juu ya kigoda, mikono ameinyoosha kama ndege, hatakiwi kutikisika.

Mlango ukafunguliwa. Hatua zikaja, zikasimama upande wa pili wa shuka.

"Fundi, ni wewe?" Chini ya pindo zilionekana ncha za viatu vya Dobi, zimepigwa rangi. "Usije huku. Baki hapo hapo. Nikikuona nitasahau."

Fundi aliganda, pindo la sare mkononi.

"Nilisema nitauruka ukuta ikisha kazi. Kazi haitaisha, nimeona, kila siku mnaongeza. Basi nauruka nayo ikiwepo." Akakohoa. "Nataka kumtuma mama yangu na baba mdogo kwa Shangazi, Jumapili hii, waje kukuposa kwa ajili yangu. Wewe na Kijibibi, wote wawili, sitaki nusu. Sina kitu kikubwa. Nina vyumba viwili, na najua kufua. Nataka nikirudi jioni nikukute unashona, au nikukute umekwenda masomo nami nimpikie mtoto, ni sawa tu. Lakini sitawatuma wazee kabla hujanikubalia mwenyewe. Unasemaje?"

Shuka zilipumua kidogo kwa upepo wa dirishani.

"Fundi?" Sauti ya Dobi ilianza kushuka. "Kama unataka kufikiri, fikiri. Mimi nitasubiri. Kusubiri nimezoea... Fundi? Nimekosea?"

Fundi alikuwa amefumba macho, machozi yanateremka mpaka kidevuni. Alikuwa anaitikia kwa kichwa, mara moja, mara tatu, mara kumi, mkono mmoja umeshika pindo la sare, midomo imebana pini sita.

Kijibibi alimtazama mama yake. Akazitazama ncha za viatu. Halafu, bila kushusha mikono yake, alisema kwa sauti:

"Mama amekubali, ila ana pini mdomoni."